Ahamisha lango la mtandao, wagonjwa wasijue

Saa moja na robo asubuhi, Jumapili. Juu ya ngazi za mbao za jengo moja la Kiponda, mjini Unguja, fundi wa mtandao Mwanakheir Shaame anavua viatu, anapiga Bismillahi na kuketi mbele ya kompyuta mbili. Vituo vitano vya afya vinafunguliwa saa tatu. Kabla ya hapo, lazima awe amehamisha lango linaloviunganisha na kumbukumbu za wagonjwa wao.

Lango hilo halina bawaba wala komeo. Ni programu inayopitisha na kulinda mawasiliano kati ya kompyuta za vituo na mitambo iliyo ng'ambo, yanakotunzwa mafaili yote. Toleo la zamani limetumika miaka saba, na wenye mitambo wametangaza kulizima mwisho wa mwezi.

"Usipohama mwenyewe, utahamishwa," anasema, macho yakiwa kwenye kioo.

Mwanakheir, 31, mzaliwa wa Jongowe, Tumbatu, alimaliza skuli bila kugusa kompyuta. Aliigusa ya kwanza Darajani, kwenye duka la mjomba wake, alikokuwa akitoa fotokopi. Ilipoharibika, akaifungua kwa bisibisi ya cherehani.

"Mjomba alikasirika mpaka ilipowaka," anakumbuka. Mjomba huyohuyo ndiye aliyemlipia ada ya chuo.

Machi mwaka huu alijaribu kulihamisha lango, akakwama. Alilizima la zamani akiamini jipya litashika palepale. Halikushika. Kwa saa sita, mpaka alipofanikiwa kuliwasha tena la zamani, madaktari hawakuona faili hata moja, na wagonjwa 84 walirudi majumbani bila kutibiwa. Kesho yake aliandika barua ya kuacha kazi.

Mkuu wake, Muhiddin Jaku, aliisoma barua, akaikunja na kumrudishia. Alimwambia hatafuti mtu mwengine, kwani aliyekwishatumbukia ndiye anayejua shimo lilipo.

Safari hii amejenga lango jipya pembeni, la zamani likiendelea na kazi, na anahamisha kituo kimoja kimoja. Katika kila kituo kuna mtu anayesubiri simu yake. Mbweni inapita. Mtoni inapita, kisha Bububu na Makunduchi. Saa mbili na nusu imebaki Nungwi, nayo inagoma.

Anarudia mara mbili. Anakagua kila namba, zote ziko sawa. Anampigia Bi Kazija, mama wa miaka 59 anayepokea wagonjwa kituoni Nungwi.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Miye nipo, nnakitazama hiki kisanduku chenu kipya, taa zake zinameremeta."

"Kisanduku gani kipya?"

"Walichokuja kutufungia jana magharibi. Hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Kampuni inayowauzia intaneti ilikuwa imebadilisha kifaa chake, nacho kikaja na anwani mpya, yaani namba zinazokitambulisha mtandaoni, wakati lango linangojea ile ya zamani. Mwanakheir anamwelekeza Bi Kazija afungue kompyuta na kumsomea namba anazoziona. Mama anazisoma moja moja, hana haraka. Mwanakheir anaziingiza.

Saa tatu kasoro dakika nane, alama ya Nungwi inageuka kijani. Bi Kazija anasema orodha ya wagonjwa imefunguka, kisha simu nzima inajaa vigelegele. Muhiddin, ambaye muda wote alikuwa akizunguka mlangoni, anacheka mpaka anakaa chini.

Saa tatu vituo vinafunguliwa, na hakuna mgonjwa anayejua kilichopita.

"Hiyo ndiyo sifa ya kazi yetu," anasema Mwanakheir. "Watu wasijue."

Lango jipya lina pacha wake: moja likianguka, jingine linashika. Kwa ajili hiyo sasa anapanga jambo aliloliahirisha kwa muda mrefu, kumpeleka mamake Umra mwezi wa Rajabu. Kwa miaka minne hajapata kuizima simu yake hata siku moja.

"Siku ya harusi yangu iliita mara tatu, na nikapokea," anasema akicheka. "Lakini nshamwambia mama: ntaizima uwanja wa ndege, na ntaiwasha tukirudi Unguja."