Nekesa Hakufia Ng'ambo

Bado siamini, na hasira hainipi nafasi ya kulia.

Nimetoka shift, nimekaa kitandani hapa kambi ya wafanyakazi, nchi za Ghuba, na viatu viko miguuni. Naona tangazo limetumwa kwenye simu kwa kila kikundi cha watu wa Bungoma, ati Nekesa wetu amefariki "akiwa masomoni Uingereza".

Uongo. Nekesa amefia Kitale, mtaa wa Kipsongo, kwenye chumba cha mabati. Hakuwahi kupanda ndege. Mimi Simiyu ndiye nasema, na anayetaka kunitoa kwa kikundi anitoe.

Nilimjua nikiwa mbebaji magunia Kitale. Mamake alikuwa akifagia ghala la mahindi. Kabla ya mavuno ghala linakuwa tupu, na ndani hakuna upepo. Nekesa alicheza badminton, na mchezo huo hautaki upepo. Basi hiyo miezi michache ndiyo ilikuwa msimu wake. Mahindi yakiingia, mchezo umekwisha.

Wavu alisuka mwenyewe kwa nyuzi za magunia. Mpinzani wake nilikuwa mimi, niliyeacha shule darasa la saba. Alinishinda kila siku. Alikuwa akiniambia mbele ya wabebaji wote, "Simiyu, gunia unabeba, lakini kimpira cha manyoya kinakulemea bana."

Alitaka chuo cha nje chenye badminton. Si chuo chochote tu. Aliviandikia vyuo kwa simu, akiuliza swali lile lile: mna timu, au ni watu wanaojichezea Jumamosi? Vingi havikujibu. Walimu walimshauri akimbie, kwa sababu Mkenya anajulikana kwa mbio. Aliwaambia yeye hata akichelewa shule hakimbii.

Mamake alipofariki, mjomba wake wa Bungoma akamchukua. Huko ndiko chuo kimoja cha Uingereza kilimwandikia kwamba kimefurahi kupokea maombi yake. Kupokea tu. Mjomba akasoma mstari wa kwanza, akaikunja barua, akaenda kuitangaza kanisani.

Kwetu mtu haendi ng'ambo kimyakimya. Ataombewa, ng'ombe atachinjwa, atasindikizwa kwa nyimbo hadi barabarani. Asubuhi ya sherehe Nekesa alimweleza mjomba kwamba hajapewa nafasi, hata visa hajaomba.

Mjomba akamjibu, "Ng'ombe ameshaanguka. Panda gari uende Kitale. Usionekane huku mpaka uende kweli."

Alinisimulia kwa simu akicheka, mimi nikiwa nimeshakuja huku Ghuba. Akina mama walimvisha sweta tatu juani, kwa sababu Uingereza kuna baridi. Akashuka Kitale akiwa amezivaa zote, jasho linamtiririka.

Chuo kile baadaye kikamkataa. Alidhani atajificha wiki chache, ikawa miaka miwili. Alifua nguo za watu Kipsongo, kofia imeshushwa hadi machoni, na sokoni aliogopa kwenda asije akakutana na mtu wa Bungoma.

Huku kazini napanga makontena na jamaa mmoja wa India. Tukitoka, yeye na wenzake hucheza badminton nyuma ya jikoni. Nikamweleza habari za Nekesa. Kumbe binamu yake ni mkufunzi wa badminton katika chuo kimoja kwao. Timu ya kweli, ukumbi wa ndani, na wanachukua wachezaji kutoka nje. Nilimpigia Nekesa hata kabla ya kunawa.

Mkufunzi alitaka kitu kimoja: video ya mechi nzima dhidi ya mchezaji anayejua. Kupiga ukuta hakutoshi. Na wachezaji wanaojua pale Kitale wanakutana ukumbi mmoja wa kulipia, wote wanamfahamu Nekesa tangu alipokuwa akienda kuwatazama, wote wameambiwa yuko Uingereza.

Mnaona mtego? Ili aende kweli, ilibidi aonekane. Na kuonekana alikatazwa.

Akampigia mjomba kuomba ruhusa. Mechi moja tu. Mjomba, mzee wa kanisa, akasema, "Unataka Bungoma nzima inicheke kwa sababu ya kimpira?"

Na mimi je? Nilimwambia avumilie, mzee atalainika. Vumilia. Ni neno jepesi sana ukiwa mbali.

Kikohozi kikaanza wakati wa mvua, kikakataa kuisha. Alienda hospitali, akafika dirishani, akamwona muuguzi ni mama mmoja wa kanisani kwetu Bungoma, mmoja wa wale waliomvisha sweta. Akageuka, akaenda kununua dawa ya maji dukani.

Nilimgombeza. Akaniambia, "Simiyu, nitamwambia nini? Kwamba ndege iligeuka?"

Siku jirani alipombeba kwa nguvu kumrudisha hospitali, mapafu yalikuwa yameshaharibika.

Sasa mnaandika "tumempoteza msomi wetu". Kuna mtu ameniomba picha za Nekesa akiwa Uingereza ziwekwe kwenye kijitabu cha mazishi. Sina. Hakuna aliye nazo.

Mjomba, najua unasoma hapa. Sisemi ulimuua. Nasema kaburi lake ulianza kulichimba siku ile ya ng'ombe, na sisi tuliojua tukanyamaza ndio tulikushikia taa.

Na nyinyi wenye watoto wanaotafuta chuo, msichinje hata kuku mpaka mtoto apige simu akiwa huko. Na asipoenda, mpokeeni. Nyama mliyokula si deni lake.

Mazishi ni Jumamosi. Supavaiza amekataa kunipa ruhusa, ati marehemu si ndugu yangu wa damu. Mchungaji, nakuomba useme ukweli juu ya jeneza lile: huyu binti alifua nguo Kipsongo na bado alikuwa anatafuta timu. Aibu iko wapi hapo?

Nekesa, dada yangu, jana mkufunzi aliuliza kama video iko tayari. Sijamjibu. Leo nitamwambia ulikuwa hodari, na kwamba ulinyimwa mechi moja tu.

Nisamehe kwa ile "vumilia".

Lala peupe, dada. Usijifiche tena.