Kupiga Magoti Mbele ya Mama

Kwetu Isansa binti hasimami kumsalimia mama yake. Unashuka, magoti chini, unasema shikamoo, ndipo mengine yafuate: mvua, kahawa, nani kaolewa. Mama hayupo tena, lakini mpaka leo nikipita kwenye kibaraza cha mzee yeyote magoti yangu yanataka kukunjika yenyewe.

Sasa, kuna mwaka nyonga zilinigomea. Miaka yote nimekaa juu ya stuli dukani Tunduma, nauza vitenge, nabishana bei na Wazambia. Nani angejua kwamba kukaa nako kunaumiza? Nilipokwenda kumsalimia mama nikashuka nusu, maumivu yakanipiga kiunoni, nikadaka nguzo ya kibaraza. Mama akainuka kwenye kigoda chake, mzee wa watu, akanipa mkono. "Usijisumbue, mwanangu. Karibu kiti." Akaniletea na chai kwenye kikombe cha wageni. Safari iliyofuata, vilevile. Jamani, roho iliniuma! Mimi niliyezaliwa mle ndani nakaribishwa kama mke wa mchungaji.

Nikaenda hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, akanipima kiuno na nyonga, kisha akasema bila aibu, "Mama, makalio yako yamelala. Mgongo ndio unafanya kazi yao."

"Makubwa yote haya, yamelala vipi?" Dada alicheka mpaka akashika meza.

Akanilaza chali, magoti juu, nyayo chini, eti niinue kiuno. Nikainua kwa nguvu zangu zote. "Hapana, mama, umepinda mgongo. Kaza makalio kwanza, ndipo uinue kiuno. Ukisikia mgongo ndio unauma, ujue umekosea." Hilo nililipata, baada ya kununa kidogo.

La kuchuchumaa ndilo lililonishinda. Anasimama mbele yangu, anasema, "Shuka," na mimi magoti yanatangulia, kichwa kinainama, macho chini. "Mama! Hujaja kunisalimia! Rudisha makalio nyuma kwanza!" Narudia, magoti yaleyale. Mwili ulishafundishwa tangu utotoni kwamba mtu akisimama mbele yako unashuka kwa adabu. Mwishowe nikakasirika, nikamwambia asogee pembeni, nimechoka kumwamkia mtoto.

Akasogea. Mbele yangu ukabaki ukuta mtupu, na hapo nikamkumbuka mama kwenye palizi. Alianza umande haujakauka, ameinama kutokea kwenye nyonga, mgongo umenyooka, makalio nyuma, uzito wote kwenye visigino. Na mdomo haufungi: anaimba, ananigombeza kwa kukata mche, anaimba tena. Mimi nyuma yake na kijembe changu, naiga kila kitu. Nilimpenda sana mama yule wa shambani. Basi nikarudisha makalio nyuma kama yeye, ndipo nikakunja magoti.

"Hapo hapo!" dada akapiga kelele. Moto ukawaka nyuma kwenye makalio, kiunoni kimya. Nikalia palepale, naye akadhani ameniumiza.

Tangu siku hiyo nikawa nafanya hivyo kila asubuhi dukani kabla ya kufungua mlango, kitenge nimekikaza kiunoni. Baadaye dada akanifundisha kuinuka kutoka chini: goti moja linabaki, mguu wa mbele unakanyaga kisawasawa, unasukuma kwa kisigino, unakaza, hushiki kitu. Nilianguka mara nyingi, nikamtukana kimoyomoyo, nikarudia.

Nilipohisi niko tayari nikapanda basi, kisha bodaboda, mpaka nyumbani. Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage. Kuniona tu akaanza kutafuta pa kushika ili ainuke.

"Kaa, mama!" nikamwambia, kwa ukali kidogo. Nikashuka, goti la kwanza, la pili. "Shikamoo, mama."

Akaacha maharage. "Marahaba, mwanangu."

Nikakanyaga kwa mguu mmoja mbele, nikakaza, nikasukuma kwa kisigino, nikasimama wima bila kugusa nguzo. Nikangoja aseme neno.

Mama alikwisha kurudia maharage yake. Kiti hakuniletea. "Haya," akasema, hata hakuinua macho, "kuni ziko nyuma ya nyumba. Kawashe moto, tupike."