Kisanduku cha Rada Kwenye Njia ya Yangambi

Vijana wenzangu wa parokia yetu huko Butembo, mtayasoma haya kwa taabu, na naomba mnivumilie. Shule niliishia darasa la sita. Mkono wangu ni mzito, herufi zinalala upande, na pale nilipokosea maandishi, someni kwa sauti, huenda mtasikia nilichotaka kusema. Nimeandika polepole.

Niliondoka Kisangani, tulikohamia kutoka huko kwenu, kwa sababu ya mama. Alishuka mto kwenda Isangi kununua samaki wakavu, kama alivyozoea, akaniacha nilinde duka letu dogo. Kisha mapigano yakaja, boti zikakatazwa, habari zake zikakatika. Nililala dukani peke yangu na kupika chakula cha mtu mmoja. Siku nyingine jua lilizama kabla sijatamka neno. Watu walipouliza, "Mama yako je?" nilijibu, "Yuko," nikaangalia chini. Sikujua kama yuko.

Tonton Kambale, mdogo wake mama, ana pikapu kuukuu. Alikuwa anapeleka chumvi na sabuni Yangambi, akanipitia.

"Panda," alisema. "Kufika kule utatafuta pirogi ya kukuteremusha mpaka Isangi. Barabarani usiogope. Niko na detekteri."

Asubuhi tulipotoka alinionyesha. Ni kisanduku cheusi, kidogo kuliko kopo la maziwa, kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, waya wake umechomekwa pale pa kuwashia sigara. Alikinunua kwa bei rahisi kwa mtu aliyekitoa Dubai. Huko ng'ambo, alisema, madereva wanaoenda mbio hukiweka ili kilie kabla hawajafika kwa polisi wanaopima mwendo kwa rada.

"Lakini hapa hakuna polisi wa kupima mwendo," nilisema.

"Bon, polisi hakuna. Waasikari je? Kama inasikia polisi wa Dubai, itashindwa waasikari wa hapa?"

Sikubisha. Mwendo wetu wenyewe haukuhitaji polisi: kwenye mashimo ya mtaa wa Mangobo toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, ilitupita, na abiria wake akatupungia mkono.

Mwisho wa mji kisanduku kililia, pii-pii-pii, na taa yake nyekundu ikawaka. Mbele kidogo tulikuta mti umelazwa barabarani, na askari wamekaa, mmoja anaongea kwenye redio. Tonton alikuwa ameshaficha mifuko miwili ya chumvi chini ya turubai. Walichukua sabuni kidogo wakatuachia.

"Umeona?" Tonton alipiga usukani kwa furaha. "Hii mashine iko na macho!"

Kwenye mto Lindi tulivushwa juu ya pirogi, ile mitumbwi ya huku, zilizofungwa pamoja na mbao. Wavushaji waliimba Kilingala na kumtania Tonton kwamba gari lake lina umri wa babu yao. Alicheka nao. Mimi nilisimama pembeni nikiangalia maji yanavyokwenda upande wa Isangi bila kuulizwa na mtu.

Baada ya Lindi ni msitu tu. Vijiji vilikuwa na milango iliyofungwa na kuku wachache. Kisanduku kilinyamaza njia yote, na Tonton akawa anaimba.

Tulipokaribia Yangambi, jua likiwa juu ya kichwa, kililia tena, kwa nguvu kuliko asubuhi, kikanyamaza, kikalia tena. Tonton alikata kona akaingiza gari kwenye michikichi ya zamani, akazima injini.

"Wako wengi," alinong'ona. "Tutarudi."

"Na mama?"

"Mama yako ni dada yangu. Unafikiri mimi sina roho? Lakini kule mbele iko kifo, papa. Mashine haisemi uongo."

Nilikaa nikisikiliza nzi. Niliwaza kurudi kulala tena katika lile duka na kujibu tena, "Yuko." Nikafungua mlango. Tonton alinishika shati, nikamwambia nitatembea pembeni ya njia, nikiona askari nitageuka. Sijui kama aliniachia au shati liliteleza.

Sikuona askari. Niliona nyumba ya mapadri yenye waya mrefu uliofungwa kutoka kwenye paa hadi kwenye mti, na watu wengi barazani wakingoja. Ndani palikuwa na foni, ile redio ya betri ambayo misheni na wafanyabiashara huitumia kuitana kutoka mji hadi mji. Kila mwendeshaji alipobonyeza kifungo ili aongee, redio ya kaseti ya jirani nayo ilikoroma. Hapo nikaelewa kwamba hata kisanduku chetu kilikuwa kinalia kwa sababu ya foni hiyo. Asubuhi pia kilisikia redio ya wale askari, si askari wenyewe.

Nilisimama nyuma ya wote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinigeukia.

"Weye kijana, tangu ulifika uko unaangalia vidole ya miguu. Unatafuta nani?"

"Mama yangu. Iko Isangi."

"Papa Opereta!" alipaza sauti. "Huyu anatafuta mama yake Isangi, na hana kinywa!"

Watu wakacheka, wakanisukuma mbele. Papa Opereta, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliita Isangi na kutaja jina la mama. Wa kule wakatuma mtu kumtafuta. Tulingoja sana. Kwenye foni habari ya mmoja husikilizwa na wote, na watu waliokwisha kuongea walibaki kusikiliza yangu.

Halafu sauti ikatoka, nyembamba, katikati ya mikwaruzo. "Ni wewe kweli? Sema nisikie. À vous." Ndivyo wanavyompa mwingine zamu.

Nilibonyeza kifungo nikakosa neno. Nikazidi kubonyeza.

"Achia!" alisema Papa Opereta. "Ukikamata hivi, yeye hatasikika."

"Anaishikilia kama mutoto na titi!" alisema yule mama.

Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaingia kutoka foni ya mji mwingine: "Kijana, sema tu. Hata siye wa Basoko tunangojea."

Nikabonyeza tena. "Mama, nilifikiri umekufa. À vous."

Watu wa barazani wakasogea karibu.

"Sijakufa, papa yangu," alisema mama, akiniita kama alivyoniita tangu utoto. "Mguu tu unauma. Niko kwa masista, napika. Lakini usije! Jana walipiga pirogi risasi pale mito inapokutana. Rudi Kisangani, uende kwenye foni ya parokia, uniite kila siku ya posho. Unakula? À vous."

"Nakula," nilisema. Zamu ikaisha, mwingine alikuwa ameshasogea kwenye kiti.

Tulirudi bila mama. Nilimfuata Tonton kule michikichini nikamweleza kwamba mashine ilisikia foni tu, akaingia Yangambi akauza chumvi yake. Karibu na Lindi tulikuta kizuizi kingine, cha askari wasio na redio, na kisanduku hakikulia hata kidogo. Askari mmoja aliking'oa. "Hii ni foni? Mnaongea na nani?" Tonton alinitazama. Mimi ndiye niliyesema, "Shefu, haiongei. Ni ya kutambua rada, na rada hapa hakuna." Alikigeuza-geuza, akakitia mfukoni, akatuacha.

Nilichojifunza ni kidogo: hakuna mashine itakayonitafutia mama nikiwa nimefunga mdomo. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, naenda parokiani. Mara Isangi wanajibu, mara nasikia mikwaruzo tu, narudi dukani. Akipatikana, mama huuliza kwanza habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaa, mvua imekuwaje Butembo. Mimi sina cha kumjibu. Basi niandikieni, hata mistari miwili, mwape wafanyabiashara wanaopanda ndege za mizigo kuja huku. Zamu yangu ikifika, niwe na neno la kumpa.