Nyundo Ilipokuja Kuniposa

Mchezo wetu uliharibika siku nyundo ilipoongezewa mwendo. Huo ni msimamo wangu, na sijautengua mpaka leo.

Kwa wasioujua, ni mchezo wa simu. Mnaingia uwanjani, wekundu kwa bluu, uwanja wenyewe ni mviringo na hauna pa kujificha, na baada ya dakika chache mmeshamalizana mnaanza upya. Kila mtu anachagua mpiganaji wake. Mimi nilikuwa na yule msichana wa visu viwili: ukimgusa tu amekufa, lakini kumgusa ndiyo kazi. Wengine walipenda lile jitu la nyundo. Lina nguvu ya kubomoa ukuta, na kwa sababu hiyo waliolitengeneza walikuwa wamelifanya zito, linatembea kama limeshiba ugali. Haki kabisa. Nguvu kwako, mbio kwangu. Halafu likaja toleo jipya, na jitu likaanza kukimbia.

Tulikuwa na kikundi cha wachezaji kwenye simu, watu wa hapa Gisenyi na wa ng'ambo ya mpaka, Goma. Siku hiyo kiliwaka moto. Dereva wa pikipiki wa mtaa wa Nengo alitangaza kwamba anaufuta mchezo, na jioni tukamkuta uwanjani kama kawaida. Mwimbaji mmoja wa kwaya alisema mwendo si tatizo, tatizo ni damu, waipunguze. Mtu mmoja tu alifurahi: mzee fulani wa Goma aliyecheza na nyundo tangu mwanzo, akivumilia visu vyangu. Huyo hakuandika hata siku moja. Alituma sauti. "Bon, munisikilize, batoto," alianza kila mara, kisha anakohoa, kisha anahubiri. "Ule mwenye visu ni muoga. Anachoma, anakimbia. Mutu muzima anasimama. Sasa nyundo iko na mbio, mutaona!"

Mimi nilimjibu kwa maandishi. Familia yetu ilirudi kutoka Tanzania, kwa hiyo Kiswahili changu kimenyooka, na nikikasirika kinazidi kunyooka. Nilimwandikia kwamba anayejisifu kwa mbio za kuongezewa hana tofauti na anayeshinda riadha akiwa juu ya pikipiki. Akaniita "mwalimu." Hakujua kuwa mimi ni mwanamke, wala sikuona sababu ya kumweleza, picha yangu pale ilikuwa ya jogoo. Tulibishana hivyo miezi mizima, yeye kwa kikohozi, mimi kwa nukta na mkato. Jamani, nilikuwa nafurahi!

Wakati huohuo nilikuwa naolewa.

Mchumba wangu ni mpole, mtu wa ofisini, hachezi chochote chenye betri. Yeye hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake mkubwa, aliyemlea tangu utoto, na ambaye neno lake kwao ndilo la mwisho. Mzee huyo aliishi Goma, na kila tulipopanga kwenda kumwamkia alikuwa na shughuli, kwa hiyo sikuwahi kumwona. Nilichojua ni habari za binamu wa mchumba wangu. Uchumba wa binamu huyo ulivunjika kwa sababu msichana alimsahihisha mzee, mezani, kuhusu njia fupi ya kutoka Nyamyumba. Njia! Mzee akanyamaza, hakusema tena mpaka chakula kikaisha, na wiki iliyofuata ukoo ukamwambia yule binti asirudi.

"Tafadhali, usibishane naye," mchumba wangu alinisihi. "Siku ya kuposa tu. Mengine tutaona baadaye."

Kwa mama yangu siku moja haikutosha. "Ufunge mdomo mpaka uzae," aliniambia. "Ukishazaa, ufungue kidogo."

Nilimpenda yule mwanaume, ndiyo maana niliahidi. Lakini ahadi yenyewe ilinisumbua, kwa sababu mdomo wangu naujua, na niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba utanikosesha mume, na kwamba nikiufunga vizuri nitakuwa nimeolewa nimefungwa mdomo maisha yangu yote.

Siku ya kuposa, ambayo kwetu ni gusaba, wageni wanakaa hema moja, wenyeji hema la pili, wakitazamana. Katikati wanasimama wasemaji wa pande mbili na vipaza sauti, wanataniana, wanasingiziana makosa, wanatozana kreti za bia, na kila mtu anajua ni utani. Bibi-arusi yuko ndani. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu, nimefungwa mushanana, lile vazi letu la sherehe, kiasi kwamba kukaa siwezi, kula siwezi, kazi yangu ni kupendeza na kusikiliza.

Msemaji wa wageni, ambaye ndiye yule baba mkubwa mwenyewe, akaanza. Kwanza alikohoa.

"Bon, munisikilize," akasema, kisha akaendelea kwa Kinyarwanda.

Nilishtuka: sauti ile niliijua. Shangazi akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Nyundo." Akadhani ni woga wa ndoa, akanipa maji.

Basi msemaji wetu akamuuliza, kwa utani wa siku hiyo, wana nguvu gani hata waweze kumlinda binti wetu. Mzee alinogewa, Kinyarwanda akakiweka pembeni. "Mi niko mutu ya vita!" akasema. "Kwenye simu yangu niko na uwanja, niko na nyundo. Kulikuwa mwalimu mumoja na visu vyake, anajua kubishana, weee! Nilimupiga mpaka akatoroka. Mpaka leo hajarudi!"

Mahema yote mawili yakapiga makofi.

Sasa ukweli ni huu. Pambano letu la mwisho nilikuwa nimembakiza na uhai kidogo mno, nanyanyua kisu cha mwisho, umeme ukakatika mtaa mzima na wifi ikaenda nao. Baada ya hapo nikazama kwenye maandalizi ya harusi, sikupata nafasi ya kuingia tena. Kutoroka? Mimi? "Muongo!" nikasema, nikasimama.

"Mana yanjye, Mungu wangu, tulia," shangazi akasema. "Unakunja mushanana."

Wakaniita. Nikatoka na wasichana wenzangu polepole, nyimbo zinaimbwa, macho chini kama nilivyofundishwa. Kazi yangu ilikuwa moja: kumvisha mzee wa wageni kofia ya heshima, kisha nikae kando ya mchumba wangu, ninyamaze. Nilitegemea kumkuta jitu. Nilimkuta mzee mdogo, mwembamba, mwenye miwani mizito, aliyenitazama kwa upole kabisa.

"Asante, mutoto yangu," akasema nilipomvisha. "Unaonekana mutulivu."

Angesema kitu kingine chochote ningenyamaza. Lakini mtulivu! Niliinama sikioni mwake nikanong'ona: "Sikutoroka, baba. Umeme ulikatika."

Nilisahau kipaza sauti. Kilikuwa mkononi mwake, na kilikuwa wazi.

Mahema yote mawili yakasikia. Msemaji wetu, maskini, alidhani tunalaumiwa kwa umeme, akaomba radhi kwa niaba ya mtaa. Mama yangu akajifunika uso. Mzee alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ni weye? Mwalimu?"

"Ni mimi."

Akaivua ile kofia. Nikajua yamekwisha: anairudisha, wanaondoka na ng'ombe wao wa mahari.

"Bon," akasema. "Niko na swali moja, na ajibu yeye mwenyewe. Nyundo kuongezewa mbio. Ni haki?"

Mchumba wangu alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa nguvu zote: sema ndiyo, sema ndiyo. Neno moja tu. Nilimtazama na moyo uliniuma sana, kwa sababu nilikuwa namtaka. Lakini niliona kwamba nikiitikia leo, nitaitikia kila siku katika nyumba ile mpaka niote mvi.

"Si haki," nikasema. "Ni uonevu. Na wewe unajua."

Mzee akakohoa.

"Minajua," akasema. "Toka siku ya kwanza minajua. Lakini nilikuwa nimechoka kufa kwa visu vyako."

Hapo vijana wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliwageukia watu wake.

"Kwetu bote wananiitikia. Papa ndiyo, papa ndiyo. Toka bibi yangu ya ndoa alikufa, hakuna mutu mwenye kunibishia. Njo maana niliingia kwenye kile kikundi. Na ule binti wa njia ya Nyamyumba, si mi nilimufukuza. Nilinyamaza sababu nilikuwa ninatafuta jibu! Nilipolipata, nikauliza yuko wapi, bakaniambia wamenisaidia, wamemurudisha kwao."

Upande wa wageni kila mtu aliangalia viatu vyake. Mimi machozi yalinitoka, na nikakasirika kwamba yametoka, maana shangazi alikuwa amenipaka rangi za macho asubuhi nzima.

"Basi leo umempata wa kukubishia, baba," nikamwambia.

Alifuta miwani yake. Kisha akaivaa tena kofia, akaishusha vizuri, akaniuliza mbele ya ukoo wote kama imemkaa sawa.

Nikamwambia ni kubwa mno, inamfika masikioni.