Mama Kwenye Ekrani ya Wote

Ujinga wangu ni huu: nilifungulia watu ekrani nzima ya kompyuta. Mama, muuzaji wa ndagala hapa Kasenga, alikuwa anawafundisha wamama wa Kalemie kwa intaneti namna ya kukausha samaki hao, na tangu asubuhi aliogopa watamcheka.

"Mama, weye tulia, minye niko hapa."

Nikajaribu mikro ya kusemea, nikazima meseji zote, nikajiona injinia. Lakini badala ya kuonyesha picha za somo peke yake, nikaonyesha kila kitu, pamoja na picha niliyoiweka ipambe ekrani kwa kumchokoza: Mama amelala kando ya ndagala, mdomo wazi. Wamama wakacheka. Nikabofya huku na huku nikitafuta pa kuifunga.

Mama akainamia mikro: "Wamama, ndiyo minye. Nalala hivyo siku ndagala zimekauka vizuri. Sasa tuanze."