Nilivyojifunza Kukaa Juu ya Sanduku la Chanjo

Siku yangu ya kwanza kazini Enguserosambu nilitaka kukimbia. Nilikuwa Bwana Mifugo mpya, mtoto wa wakulima wa Karatu. Siku chache kabla, mnadani Loliondo, nilimwambia mzee mmoja tu, Mzee Lemayani, kwamba chanjo ya homa ya mapafu imefika. Lakini Wamasai wakisalimiana hupeana habari mpaka ziishe, basi habari ya chanjo ikasambaa kwa salamu tarafa nzima.

Asubuhi ile ng'ombe wa maboma yote walifika pamoja, wakachanganyikana mbele ya kibanio, yaani ujia mwembamba wa miti wa kumbana ng'ombe ili achomwe sindano. Kila mwenye mali alitaka kutangulia. Na chanjo iko kwenye sanduku la barafu. Barafu ikiyeyuka, dawa imeharibika, ng'ombe wa watu watakufa kwa kukohoa.

Mkubwa wangu, Ofisa Mifugo wa Wilaya, aliamini kazi ni kelele. "Kijana, changamka! Fanya kitu!" Nikakimbia kulia, nikakimbia kushoto, nikateleza kwenye mavi. Jamani, kichwa kilijaa! Nikaketi juu ya sanduku, nikafumba macho.

"Unalala?" Ofisa akafoka. "Nitakurudisha Karatu ukalime vitunguu!"

Mzee Lemayani akamwinulia fimbo. "Nyamaza wewe. Daktari anaomba."

Sikuwa nikiomba, ila sikumsahihisha. Watu wote wakanyamaza. Ofisa akavua kofia. Katika ukimya ule nikajiuliza swali moja tu: kipi kinatangulia? Sindano haitangulii, kinachotangulia ni kuwatenganisha. Lakini vipi? Ndipo nikasikia mluzi. Mzee alikuwa akimtuliza dume lake, na ng'ombe wake wakaanza kujichomoa kundini mmoja mmoja, wakimfuata.

Nikasimama. "Kila mwenye boma akae pembeni. Nikimwita, apige mluzi. Wengine kimya!"

Wakaja boma kwa boma, mimi nachoma tu. Nilipomaliza ng'ombe wa mwisho, vipande vya barafu bado viligongana sandukuni. Nilitamani kulia kwa furaha.

"Amina," akasema Ofisa.

Baadaye nilihamishiwa Digodigo, kisha makao makuu ya wilaya, nikilibeba sanduku lile, na kila kazi iliponizidi nilikaa kwanza juu ya sanduku. Ofisa alinicheka sana. Halafu wakaguzi wakamvamia, simu zinalia, faili halionekani. Akafunga mlango. "Lete sanduku," akaninong'oneza. "Na usimwambie mtu."

Nilipostaafu nikapewa sanduku lenyewe, maana halishiki baridi tena. Liko hapa barazani Karatu. Nyinyi vijana mnaolalamika kazi zimewazidi, tafuteni la kwenu.

Juzi tulikuwa na kipaimara cha mjukuu. Wageni wamejaa, sufuria zinafurika, mke wangu ananiita nikabebe vyombo. Nikaketi juu ya sanduku, nikafumba macho.

"Unafanya nini hapo, Baba Paulo?"

"Nafikiri kipi kinatangulia."

Mke wangu akapiga mluzi, mara moja tu.

Nikainuka, nikamfuata jikoni.