Hereni ya Mtamba Kwenye Kola Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilijivisha hereni ya ng'ombe. Si sikioni, mama angeniua. Kwenye kola ya koti. Naanza na hilo kwa sababu wastaafu wakisimulia kazi zao huanza na jinsi walivyoripoti wamechomekea shati, viatu vinang'aa, bosi akawapa mkono. Hata mimi niliripoti vizuri. Niliharibu dakika arobaini baadaye.

Ndiyo, mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na minane na nimestaafu Ijumaa iliyopita, baada ya utumishi wa wiki nane. Jumatatu narudi darasani kama kawaida. Lakini wadogo zangu wa kidato cha nne hapa Tunduma mmeniuliza sana hiyo kozi ya mifugo ikoje, na wengine mnadhani tunafundishwa kuchunga. Basi kaeni niwaeleze kazi ilivyokuwa enzi zetu.

Kozi yenyewe ni cheti cha awali cha afya ya mifugo, ngazi ya chini kabisa, chini yake kuna ng'ombe mwenyewe. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kusomwa kwa sauti ndogo, na hicho cheti ndicho mlango uliobaki wazi. Ukishasoma darasani miezi kadhaa unapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, tunayaita fildi, na unapewa daftari lenye orodha ya ujuzi: kupima joto, kuogesha kwenye josho, kuchanja, kuvisha hereni na kadhalika. Ukifanya, msimamizi anasaini. Daftari likirudi chuoni halina saini, huingii kwenye mtihani. Unarudia mwaka.

Mama alilielewa hilo daftari haraka kuliko mimi. Anauza chai na chapati karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni, na siku ya kuondoka alilifungua akaziangalia kurasa zote tupu.

"Eliya, hili lirudi limejaa," akasema. "Lisipojaa, utakanda chapati hapa na mimi mpaka uzeeke. Na unavyokanda wewe, wateja watahamia Zambia."

Koti langu jeupe la kazi alilishona mwenyewe kutokana na shuka lililoletwa na mama mdogo kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kivulini ni koti la daktari. Juani unaona maua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ivuna, kule kwenye chumvi. Bosi wangu alikuwa Afisa Mifugo wa Kata, mama mmoja mfupi, mkali, anaendesha pikipiki kubwa kuliko yeye. Kila mtu alimwita Madam, hata wazee. Siku hiyo tulikuwa tunavisha hereni ng'ombe wa Mzee Masanja. Hereni ni kipande cha plastiki ya njano chenye namba, kinabanwa sikioni kwa koleo lake maalumu, na namba inaandikwa kwenye rejista kwa jina la mwenye ng'ombe. Ng'ombe wanapita kwenye krashi, ule uchochoro wa magogo unaowabana mmoja mmoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchomeka hereni kwenye koleo na kumpa Madam. Mwenzangu wa chuo, Shabani, alikuwa anasukuma mikia.

Ikafika saa ya chai. Madam akaweka koleo juu ya gogo, hereni moja imeshachomekwa. Nikamwangalia Shabani. Shabani ni mtu anayecheka hata umeme ukikatika, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuwa naye kazini. Nikaishika kola yangu, nikaiingiza kwenye koleo, nikasema, "Mnadani leo nauzwa shilingi ngapi?" Kach!

Shabani alianguka chini kwa kucheka. Madam alikuja na kikombe mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimejisajili, Madam."

"Itoe."

Nikavuta. Nikapindisha. Nikajaribu kwa meno. "Madam, haitoki."

"Ndiyo kazi yake, isitoke." Akanywa chai kidogo, polepole, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Hereni zimeletwa kwa hesabu ya ng'ombe wa mzee huyu. Haikuzidi hata moja. Na namba zote nimeshaziandika."

Mzee Masanja akasogea. "Kwa hiyo huyu naye ni wangu?"

"Kwenye karatasi ni wako, mzee. Mtamba, mwekundu, miaka miwili."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mzee Masanja alinizunguka taratibu, akaniangalia miguu, akanigusa mgongo. "Amekonda," akasema. "Simtaki."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Lakini jioni Madam hakucheka. Aliniita nyuma ya ofisi ya kata, pale kwenye krashi dogo, na alikuwepo mtamba mwekundu halisi, yule aliyebaki bila hereni kwa sababu yangu. Mzee Masanja alikuwa amemnunua mnadani wiki ile ile.

"Nimeandika maelezo wilayani, nimeomba hereni nyingine," Madam akasema. "Mpaka ifike, huyu hana jina wala namba. Akipotea tutamtambuaje?"

"Ni mwekundu, Madam."

"Wekundu wako mia mbili hapa. Kaa hapo umwandike. Mtu asiyemjua akisoma aweze kumtoa katikati ya kundi. Na ujue, kwenye daftari lako sisaini hata mstari mmoja mpaka nione hereni sikioni mwake."

Nilimwandika yule mtamba kwa siku tatu. Mara ya kwanza niliandika nusu ukurasa, Madam akairudisha. Mara ya pili kurasa mbili, akairudisha. Kovu dogo la kupe chini ya titi la kushoto. Kope nyeupe jicho moja. Analamba kila kitu isipokuwa mkono wangu, ananidharau. Mara ya tatu nikakumbuka somo moja ambalo sikulala likifundishwa: pua ya ng'ombe ni kama kidole gumba chako, mistari yake hailingani na ya mwingine. Nikaenda kwa Mtendaji wa Kijiji kuazima kidau cha wino wa muhuri.

"Wa nini?" akauliza Mtendaji.

"Kuna mtu hajui kuandika, anataka kuweka dole."

Sikusema uongo wote. Unakausha pua kwa kitambaa, maana pua ya ng'ombe mzima haikauki, unapaka wino kidogo, unabandika karatasi kuanzia mdomo wa juu ukipanda. Karatasi nne za kwanza alizila. Ya tano ikatoka safi, mistari yote, na chini ya tundu la kushoto mstari mmoja uligawanyika kama njia panda. Nikaigundisha kwenye daftari. Ulimi wa mtamba ulikaa na rangi ya bluu siku mbili, na Mtendaji alinitazama vibaya siku zote zilizofuata. Madam aliiangalia ile pua kwa muda mrefu. Akasema, "Hm." Hakusaini.

Wiki ya nne nikahamishiwa Igamba. Bosi wa pili alikuwa Mtaalamu wa Mifugo, mzee wa taratibu ambaye kweli amekaribia kustaafu, si kama mimi. Kule ng'ombe ni wa maziwa, wanalishwa bandani. Nilijifunza kupima joto: kipimajoto kinaingia nyuma, na kina uzi wenye kibanio unaobanwa kwenye mkia, ili ng'ombe asije akakimeza kwa upande usio na meno. Nilichanja kuku dhidi ya ugonjwa wa mdondo, tone moja kwenye jicho moja, basi. Yule mzee alifundisha kwa maneno machache. Nikimdondoshea kuku matone mawili alisema tu, "Huyo sasa anaona mbele na nyuma." Alisaini sehemu yake yote. Akafika kwenye ile pua ya wino, akavua miwani, akavaa tena.

"Kijana, nani alikufundisha kuanzia hapa mdomoni?"

"Adhabu, mzee."

"Basi waendelee kukuadhibu."

Nilirudi Ivuna wiki ya mwisho, nusu ya daftari imejaa, nusu ni nyeupe kama koti langu kivulini. Alhamisi ile bahasha ilifika kutoka wilayani, ndani yake hereni moja. Madam akatuchukua kwenye pikipiki, mimi na Shabani, hadi kwa Mzee Masanja. Mzee alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka msibani, wiki mbili hakuwepo, na mchungaji wake alituambia ng'ombe wote wapo, amehesabu. Mtamba mwekundu alikuwa tayari kwenye krashi.

Madam akanipa koleo. Tangu siku ile ya kola sikuwahi kuligusa. "Katikati ya sikio," akasema, "kati ya mishipa miwili mikubwa. Ukimaliza hapa, leta daftari, nina kalamu."

Nikamshika sikio. Akanigeukia, akanilamba mkono.

Nikasimama. Nikamwangalia kope, zote nyekundu. Nikainama kutazama titi la kushoto, hakuna kovu.

"Madam, siyo yeye."

"Eliya."

"Kweli tena."

"Eliya, sina muda wa utani wako leo."

"Ni mwekundu, ni mtamba, ni nani mwingine?" akasema Mzee Masanja. Mchungaji naye akaapa kwamba hesabu imetimia. Shabani, ambaye alikuwa ameshasainiwa kila kitu, alinikonyeza: bana, tuondoke.

Nawaambia ukweli wadogo zangu, koleo lilikuwa mkononi na kalamu ilikuwa mfukoni mwa Madam. Kach moja tu, daftari linajaa, mama anafurahi, nani angejua? Na hapo ndipo nilipojua ubaya wa kuwa mchekeshaji: ukisema jambo la kweli, watu wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Nikaweka koleo juu ya gogo.

"Madam, nipe wino wa muhuri wako. Nikikosea, nirudie mwaka."

Tulichukua pua yake nyuma ya karatasi ya bahasha. Mara ya kwanza alipiga chafya, Madam akapata madoa ya bluu shavuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mara ya pili ikatoka. Madam akaiweka pembeni ya ile ya daftarini. Hii haikuwa na njia panda. Mistari ilipita moja kwa moja.

Madam hakusema "Hm." Alimgeukia mchungaji. "Juzi ng'ombe walilamba chumvi wapi?"

Mchungaji akajikuna kichwa. Kwenye tope la chumvi, akasema, na kulikuwa na kundi jingine, lisilo na hereni, la bwana mmoja aliyepiga kambi kuelekea ziwani. Walichanganyika kidogo. Akawatenganisha, akahesabu, ikatimia. Mmoja wetu kaenda, mmoja wao kaja. Hesabu ilikuwa sawa, ng'ombe siye.

Ijumaa asubuhi tukapanda pikipiki mishikaki, Madam mbele, Mzee Masanja katikati, mimi nyuma na daftari kifuani. Yule bwana tulimkuta anakamua. Alitusikiliza kwa heshima zote mpaka tulipofika kwenye pua.

"Pua?" akauliza. "Mmetoka Ivuna mpaka hapa kuja kutazama pua?"

"Ndiyo, ndugu yangu," akasema Madam, shavu bado lina bluu.

Mtamba nilimwona kabla hajaletwa. Kope nyeupe, jicho moja. Nilinyoosha mkono, akageuza uso. Ananidharau bado, nilifurahi karibu nilie. Tulikausha, tukapaka, tukabandika. Yule bwana akachukua karatasi na daftari, akaenda nazo juani, akakaa huko muda mrefu akifuata mistari kwa ukucha. Kisha akaanza kucheka peke yake. "Njia panda ile pale," akasema. "Haya, chukueni wenu, mniletee wangu. Na kabla hamjaondoka, mchukueni pua na mke wangu, anapotelea sana kwa jirani."

Kutoka ndani mke wake akajibu, "Anza na yako, ndiyo kubwa!"

Nilimvisha hereni pale pale, amefungwa kwenye mti, sikio limepakwa dawa ya kuua vijidudu, katikati ya mishipa miwili. Kach. Hakusogea hata kidogo. Madam aliweka daftari langu juu ya siti ya pikipiki akasaini mstari kwa mstari mpaka ukurasa wa mwisho, na kwenye sehemu ya maoni ya msimamizi akaandika: "Anafaa. Asiachiwe koleo peke yake." Kuhusu namba ya kwanza akaniambia, "Nimeifuta kwenye rejista. Wewe si ng'ombe tena." Mzee Masanja akanipa mkono, akasema anasikitika kunipoteza, maana nilikuwa nimeanza kunenepa.

Basi huo ndio utumishi wangu. Mstaafu huwa anaulizwa amejifunza nini. Nimejifunza kwamba ng'ombe mwekundu si rangi, ni mtu fulani. Ukimwandika kurasa nne huwezi tena kumpita njiani. Na wanaosema kozi hii ni ya waliofeli, waje washike pua ya ng'ombe wakati anapiga chafya.

Nilifika Tunduma Jumamosi mchana, malori yamejipanga, mama yuko kwenye chapati. Akafuta mikono, akafungua daftari kabla hata ya kunisalimia, akasoma saini zote, akafika kwenye maoni akayasoma mara mbili. Kisha akaiona hereni kolani. Ikabidi nimsimulie yote, na nikamwomba mkasi niikate ile hereni, koti lifuliwe. Akaishika, akaigeuza, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Iache hapo hapo," akasema. "Miaka kumi na minane nakutafuta mtaa kwa mtaa, kumbe ilitakiwa hereni tu."